Sura ya Saba ya Kitagalog

Mpaka leo nikipita Qurum, pale njia inapokata kuelekea pwani, napandisha kioo cha gari hata kama eisii imekufa na jasho linanitoka, maana kuna nyumba moja pale yenye ukuta wa rangi ya maziwa ambayo sitaki mtu wa ndani anione. Nikiwaambia sababu mtanicheka. Haya, chekeni, wenzenu walishacheka wakashiba, nyinyi mtakuwa mnakula makombo.

Ilikuwa mwaka tisini na nane. Mimi nilikuwa karani wa mafaili katika ofisi moja ya serikali Al Khuwair, na kazi yangu ilikuwa kupokea faili, kuligonga muhuri, kuliweka kabatini na kulisahau. Kwetu sisi ni watu wa bara. Babu yangu aliondoka Oman kijana akaenda Tabora, akafungua duka, akaoa, akazaa, na sisi tukarudi huku miaka ya sabini na Kiswahili chetu cha Kitabora, ambacho ni Kiswahili kizuri tu, hakina kasoro yoyote, mpaka siku ukutane na Waomani wa Unguja. Hao bwana! Ukisema "ninaenda" wanatazamana. Ukisema "ninataka chai" kuna mama mmoja lazima atakuuliza, kwa upole wa kuua, "Kwani nyinyi ni watu wa wapi, mwanangu?" na anajua fika nyinyi ni watu wa wapi, mpaka jina la duka la babu yako analijua.

Na mimi, kati ya wasichana wote wa Maskati, nikampenda Zuwena, binti wa Bi Thuraya wa Qurum, Waunguja wa kutupwa. Zuwena alikuwa anafanya kazi maabara hospitalini, amesoma Uingereza, na akicheka anafunika mdomo kwa ncha ya shela. Mama yake, Bi Thuraya, alikuwa mjane, na ana uhusiano na sisi wa mbali (binamu yake ndiye mke wa mjomba wangu), kwa hiyo nilikuwa naingia na kutoka nyumbani kwao. Nikamtuma shangazi yangu apeleke posa. Jibu halikuwa ndiyo wala halikuwa siyo. Jibu lilikuwa, "Ramadhani ikipita tutazungumza." Ikapita. "Akipanda cheo." Nikapanda, daraja moja tu, lakini kupanda ni kupanda. "Bi Mkubwa akipata nafuu ya magoti." Bi Mkubwa ni mama yake Bi Thuraya, umri wake themanini na kitu, na magoti yale hata daktari alikuwa ameshayakatia tamaa. Basi nikawa nampeleka hospitali mimi mwenyewe kila Jumanne kwa gari yangu, nikitumaini kuyaharakisha hayo magoti.

Sasa, Kitagalog kinaingiaje? Ngojeni. Ofisi yetu ilikuwa na ghala Rusayl, kule kwenye viwanda, tunakoweka mafaili yaliyokufa kabisa, na mtunza ghala alikuwa Mfilipino mmoja anaitwa Rodel, mtu mpole, anapenda kula mayai ya kuchemsha. Siku moja nikamkuta na kitabu cha kufundishia Kitagalog, lugha ya kwao, kwa wanaoanza. Nikakitazama, nikapata wazo, na nataka niwaambie ukweli kuhusu wazo lile maana aliyekwisha kuaibika hana haja ya kuficha tena: Kiswahili Waunguja wamenishinda, Kiarabu wamenishinda, Kiingereza Zuwena amenishinda, basi mimi nitafute uwanja ambao nitacheza peke yangu. Hakuna mtu Qurum nzima anayejua Kitagalog. Nikijua sentensi kumi, mimi ndiye profesa.

Rodel akaniazima kitabu kwa siku moja nikapige kopi. Mashine ya ofisi (ile ambayo tulikuwa tunaipiga teke ndiyo iwake) ikameza karatasi, ikanguruma, ikatoa sura moja tu ikiwa nzima, sura ya saba: namna ya kueleza wakati na masharti. Nikaona haidhuru, nitaanza na saba, sita zilizobaki nitazifuata nyuma.

Wallahi sura ile niliisoma kuliko nilivyosoma kitu chochote shuleni. Sisi Waswahili tukitaka kusema jambo litatokea kama jingine litatokea, tunatia "ki" katikati ya neno, tunaendelea na maisha yetu. Wenzetu wana neno zima la kutangulia kwa kila hali. Kapag, la jambo ambalo hutokea au linategemewa kutokea. Kung, la kama, la huenda, la mambo usiyo na hakika nayo. Noong, la zamani zilizopita. Bago, kabla. Habang, wakati jambo jingine linaendelea. Hanggang, mpaka. Na kila moja lilikuwa na sentensi yake ya mfano, na sentensi zile nilizikariri kama Alhamdu. Kapag umuulan, hindi ako umaalis: mvua ikinyesha, mimi sitoki. Bago kumain, maghugas ka ng kamay: kabla ya kula, nawa mikono. Habang nagluluto si Nanay, nagbabasa ng diyaryo si Tatay: wakati mama anapika, baba anasoma gazeti. Zilikuwa sita jumla. Maji kwa Kitagalog sijui, ahsante sijui, choo kiko wapi sijui. Nilikuwa najua kusema lini, na najua kusema endapo, lakini cha kusema chenyewe sikuwa nacho.

Na pale ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Ijumaa moja tunakula kwa Bi Thuraya, pilau ya nyama, na yeye analalamika kuhusu mtumishi wao mpya, Nenita, mwanamke wa makamo, mwembamba, mkimya, amefika pale miezi michache tu akitokea nyumba nyingine. "Mtu mzuri, lakini hatuelewani," Bi Thuraya akasema. "Kiingereza chake na changu havikutani, Kiarabu chake cha jikoni. Nimwambie vipi mambo yangu?" Nami nikatupa neno, hivi hivi, huku nachambua nyama kwenye mfupa. "Kitagalog mimi nakijua kidogo."

Zuwena akainua macho. Jamani, yale macho! Basi hapo hapo Nenita akaitwa, akaja na jagi la maji mkononi, nami nikajikohoza, nikamwambia kwa sauti ya mtangazaji, "Kapag umuulan, hindi ako umaalis."

Nenita akanitazama. Akatazama dirishani, jua la Maskati la mwezi wa Julai linachoma mpaka ukuta unatetemeka. Akanitazama tena. "Opo, sir," akasema, akaenda zake.

"Kasemaje, kasemaje?" Wote.

"Nimemwuliza kama ameridhika na kazi. Anasema ameridhika sana, anawaombea dua."

Wakapiga makofi. Bi Thuraya akaniongezea nyama kwa mkono wake mwenyewe, na tangu siku ile mimi nikawa mkalimani wa nyumba. Ikitakiwa nguo zipigwe pasi kwanza ndipo kupikwe, mimi Khalfan niitwe. Nenita nazungumza naye mlangoni, natoa moja ya sentensi zangu sita, nafanya na ishara za mikono za kutosha, kazi inafanyika, nami nachukua sifa. (Kazi ilikuwa inafanyika sawasawa kila mara, na sikujiuliza hata siku moja kwa nini.) Mama wadogo wa Zuwena wakawa wananipigia simu ofisini. Mmoja alinishikisha simu niongee na yaya wake kule Azaiba, nikamwambia yaya wa watu kwamba kabla ya kula anawe mikono, na nasikia yaya yule aliudhika siku mbili.

Miezi minne hivyo. Sasa njooni kwenye Ijumaa yenyewe.

Siku ile alikuja Ami Nassor, kaka wa marehemu baba yake Zuwena, ndiye walii wa kumwoza Zuwena, ndiye mwenye neno la mwisho. Shangazi yangu alikuwa amenidokeza kwamba leo jambo langu litatajwa mbele yake, kwa hiyo nivae vizuri na nisiseme sana. Nikavaa dishdasha mpya, nikajifukiza udi mpaka gari zima likanuka maulidi. Sebuleni tumejaa, ukoo mtupu: Ami Nassor kwenye kochi kubwa na kofia yake ya kazi za mkono, mama wadogo wawili, Zuwena pembeni, Bi Mkubwa kwenye kiti chake na magoti yake juu ya mto. Halua imekatwa, kahawa inazunguka. Nenita ndiye anayezungusha vikombe, na macho yake mekundu.

"Khalfan mwanangu," Bi Thuraya akaanza, kwa sauti ya kutaka Ami Nassor asikie ana kijana wa namna gani, "hebu nifasirie na huyu. Tangu juzi analia jikoni, anataka ruhusa ya kwenda kwao. Miye sikatai. Mwambie ataipata, lakini Idi ikishapita, na mama akipata nafuu, na tukimpata mtu wa kumshikia kazi."

(Masharti yale nilikuwa nayafahamu vizuri. Nilishapewa mimi. Lakini siku ile kichwa changu kilikuwa kwenye kochi kwa Ami Nassor.)

Nikamgeukia Nenita, nikaunganisha viganja kama mtu wa maana, nikasema taratibu, kila neno na uzito wake, "Habang nagluluto si Nanay, nagbabasa ng diyaryo si Tatay."

Ami Nassor akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nenita akashusha pumzi, akasema maneno mengi, marefu, ya Kitagalog, na sauti inakatika, nami katika maneno yote yale nilishika "anak" tu, kwa kuwa Rodel alikuwa na picha ya anak wake ukutani. Mtoto. Basi kuna mtoto ndani yake. Sekunde mbili za kufikiri, na watu wote wananitazama, na Zuwena ananitazama.

"Anasema hewala," nikasema. "Anasema mtoto wake hajambo, hana haraka, na Idi ikipita ndiyo vizuri zaidi. Atangoja."

Nenita akaliweka sinia chini. Hakuliangusha, aliliweka, kikombe hakikugongana na kikombe.

"La, Bi Thuraya," akasema. "Miye sikusema hivyo. Wala huyu bwana hakunambia hayo uloyasema wewe. Huyu kanambia mama anapika, baba anasoma gazeti."

Kiswahili! Tena si kile cha kuokoteza, cha "mimi pika, wewe kula". Kiswahili cha mjini Unguja chenyewe, kinachoteleza, na hiyo "uloyasema" ndani yake, ambayo mimi nimejifundisha mbele ya kioo miaka kumi ikanishinda.

"Mwanangu mwanamke anaolewa baada ya wiki tatu," akaendelea, na machozi yanamtoka lakini sauti imesimama. "Nlipoingia hapa mlisema nikitimiza miezi mitatu. Nkatimiza. Mkasema Bi Mkubwa akiinuka. Sasa Idi. Kama hamtaki, nambieni hamtaki. Miye nnawasikia. Kila siku nnawasikia."

Sijui kama mnanielewa hapo. Kiswahili katika nyumba zetu za Maskati ndilo pazia. Akiwapo Mwarabu asiye wa kwetu, akiwapo Mhindi fundi bomba, akiwapo mtumishi, tunahamia Kiswahili, tunasengenya kwa raha zetu. Sasa tazama sebule nzima, kila mtu anapiga hesabu kichwani mwake kuhusu yale aliyowahi kuyasema jikoni mbele ya Nenita. Mama mdogo mmoja akaweka kikombe mezani akaikosa meza. Bi Thuraya akawa mwekundu, akawa mweupe.

"Umejifundisha wapi weye?" akauliza.

"Nlikaa Sib na bi kizee mmoja wa Unguja miaka sita, mpaka alipofariki. Hana Kiarabu, hana Kiingereza. Ningelisema naye nini?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Bi Mkubwa. Alianza kwa kutikisika mabega, kisha magoti yakaporomoka kutoka juu ya mto. "Kha! Subhanallah! Kiswahili chake kinamshinda Khalfan!" Hapo ndipo nyumba ilipopasuka. Wamecheka watu, jamani, wamecheka mpaka jirani nadhani aliuliza. Zuwena alicheka akaacha kufunika mdomo, akainuka, akakimbilia ndani, na mlango ulifungwa lakini kicheko nilikuwa bado nakisikia. Mimi nilikuwa nimekaa na kipande cha halua mkononi, kinayeyuka, sijui nikile au nikirudishe.

Ami Nassor hakucheka. Angecheka ningeshukuru.

"Kitagalog umesoma wapi?"

"Rusayl, ami."

"Muda gani?"

"Wiki sita, ami."

"Na kwa miezi minne hii ukimwambia mama anapika?"

"Nyingine mvua ikinyesha, ami."

Akamgeukia shemeji yake. "Huyu mwanamke aende kwao kwa harusi ya mwanawe. Kesho apatiwe tiketi. Masharti ya nini?" Na jambo langu halikutajwa. Nilingoja mpaka Alasiri, na adhana ikatolewa, na watu wakainuka, na halikutajwa.

Wiki iliyofuata Bi Thuraya akanipigia simu ofisini kama vile hakuna lililotokea. Dereva wao ana homa, je, ninaweza kumpeleka Nenita uwanja wa ndege? Nikasema naam, nitampeleka. (Ndiyo, nilikwenda! Nilikuwa bado nafikiri nikijinyenyekeza nitarudi machoni mwao. Upumbavu haufi siku moja.)

Tukapita Al Khuwair. Maboksi yake matatu nyuma yamefungwa kamba za kila rangi. Mwishoni nikashindwa kuvumilia.

"Kwa nini hukusema mapema kama unajua Kiswahili?"

"Ningelisema, wangelihamia Kiarabu," akasema. "Na Kiarabu changu kibovu."

"Na mimi? Siku ya mvua ulijua nakudanganya."

"Nlijua. Ulikuwa ukinichekesha. Nlikuwa nkirudi jikoni nnacheka peke yangu, na miye nlikuwa sina la kunichekesha nyumba ile." Akanigeukia. "Lakini ulipowaambia nitangoja, hapo hukunichekesha. Ulijua miye nnalia. Kulia hakuna haja ya mkalimani."

Nilimwomba radhi, na nilimwomba kwa Kiswahili changu cha Tabora, bila ya kukipamba. Akaitika. Kisha akawa ananitazama kwa upande, kama mtu anayepima kama maji ni ya moto, akasema, "Bwana Khalfan, weye hujui, siyo?"

"Sijui nini?"

"Zuwena kashaposwa. Tangu mwezi wa Rajabu. Mtoto wa Ami Nassor, yule injinia. Halua ile ya Ijumaa ilikuwa ya posa yake."

Ndiyo ile halua niliyoifumba mkononi Ijumaa ile mpaka ikaniingia kwenye kucha.

"Mbona hawakuniambia?"

"Walisema jikoni, miye npo nnaosha vyombo. Mama mdogo mmoja kauliza, 'Na huyu wa Tabora tutamwambia lini?' Bi Thuraya kasema, 'Mwache kwanza. Jumanne nani atampeleka mama?'"

Nikaendesha. Nakumbuka nilipitisha njia ya kuingilia uwanjani, ikabidi nizunguke tena. Nilipomshushia maboksi yake akanipa mkono, akaniambia, "Siku nyingine ukitaka mke, sema nnataka mke. Usipitie Manila." Akasukuma toroli lake akaingia ndani, anakwenda kumwoza mwanawe, nami nikabaki kwenye gari jua linanipiga, nimeona haya mpaka nikashindwa kuwasha injini. Zuwena aliniuma, sisemi uongo, aliniuma mwaka mzima. Lakini lililonitia haya zaidi ni kwamba katika nyumba ile mtu mmoja tu ndiye aliyeona haja ya kuniambia ukweli, na ndiye yule niliyemfinyangia maneno mdomoni ili nionekane.

Jumanne ikafika. Simu ya nyumbani ililia asubuhi, ikalia tena, ikalia tena, na mimi nimekaa mkekani nakunywa chai, mama yangu ananiambia pokea, nami nasema wacha ilie. Nikasikia baadaye kwamba injinia ndiye aliyempeleka Bi Mkubwa siku ile, na kwamba alichelewa.

Basi ndugu zangu, nimeweka nadhiri. Nikiulizwa najua lugha gani, najibu naijua ya mama yangu, tena ya Tabora, na anayetaka kutazamana na mwenzake atazamane. Na mtu akilia mbele yangu, awe Mfilipino, awe Mbangali, awe nani, nikiwa sikuelewa nasema sikuelewa, hata kama walii amekaa kwenye kochi na mke wangu mtarajiwa ananitazama. Nimeshalifanya mara mbili tangu siku ile. Mara zote mbili nilionekana mjinga, na mara zote mbili nililala usingizi.